Songa, Nami Nikae

Harufu ndiyo iliyotangulia. Zipporah aliingia chumba cha kazi cha mumewe kuchukua vikombe, akanusa mafuta ya watoto, yale ya kupaka baada ya kuoga. Nyumba ile haikuwa na chupa ya mafuta hayo tangu walipomzika Mulongo. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Mbele yake palikuwa na kigoda kidogo cha mbao, na Zipporah alipokigusa alikuta kina joto, kana kwamba mtu ametoka kukikalia sasa hivi.

Mukhwana, pacha aliyebaki, alikuwa nje akifinyanga matope.

Mwaka ulikuwa wa tisini na tisa, na wao walikaa Lurambi, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Titus, mume wa Zipporah, alitengeneza kompyuta za watu katika chumba hicho cha pembeni. Ya kwake mwenyewe aliifunga diski mbili, akaziita pacha. Chochote kilichoandikwa katika moja kiliandikwa na katika ya pili.

"Hizi zinalishwanga kama wasichana wetu," alimwambia Zipporah siku alipozifunga, pacha wote wawili wakiwa hai. "Huyu akipewa, na huyu apewe. Moja ikifa, mwenzake ana kila kitu."

Kwao pacha hawapunjwi. Gauni zilinunuliwa mbili, vikombe viwili, na hata mmoja akichapwa, mwenzake naye aliguswa na ufito ili asijione amesahauliwa. Basi walicheka, yeye na Titus. Hawakujua wanachekea nini.

Malaria ilimchukua Mulongo kabla hajatimiza miaka mitatu. Sauti yake ilibaki ndani ya diski zile tu. Titus alikuwa amewarekodi pacha wakigombania kigoda mbele ya maikrofoni: Mukhwana anacheka, na Mulongo, kwa sauti yake ya kukwaruza kidogo, anasema, "Songa, nami nikae." Ni hayo tu. Kila Jumapili baada ya kanisa Zipporah aliomba awekewe, akasikiliza leso ikiwa usoni.

Kisha radi ikapiga, alasiri, mvua ilipoanza. Tangu siku hiyo kompyuta haikuamka. Ukiiwasha, kioo kiliandika herufi L, halafu 01, 01, 01, mistari mpaka chini, kikaganda hapo.

"Imekufa?" Zipporah aliuliza. Alishika mlango kwa mikono miwili.

"Hii ya kwanza ndiyo imekufa. Ya pili ni nzima. Sauti ya mtoto iko, usilie."

"Basi mbona haiamki?"

Titus alichomoa diski iliyokufa, akaitia alama ya chaki, akaiweka mezani. Akawasha tena. Kioo kikawa cheusi, kistari kimoja kikipepesa kwenye kona.

"Mwanzoni kabisa mwa diski kuna mahali padogo," alisema polepole. "Pana maneno ya kuamshia mashine. Hapo hapanakiliwi kama pengine, lazima uandike mwenyewe. Nilipaandika kwa ya kwanza. Ya pili nikasahau."

"Ulimpa mmoja ukamnyima mwenzake."

"Mama Mukhwana, hii ni diski."

"Nimesikia."

Mukhwana alikuwa ameingia bila kusikika, matope mpaka viwikoni. Aliitazama kompyuta, akamtazama baba yake. "Mulongo anasema hujamwamsha," alisema. "Anasema kuko giza."

Titus alifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Kesho yake alileta disketi ya kuanzishia mashine, akaketi. Mawingu yalikuwa yameteremka, na mabati yakaanza kupigwa na mvua. Akaiwasha mashine kwa disketi, akaiona diski ya pili, akaifungua, akakuta mafaili yote salama. Akaandika yale maneno ya kuamshia pale mahali padogo, akatoa disketi, akawasha upya. Mashine ikaamka.

"Weka," Zipporah alinong'ona. "Baba Mukhwana, tafadhali, weka."

Akaweka, na spika ikakwaruza, na Zipporah akajifunika leso kama kawaida yake akingoja kwanza kicheko cha Mukhwana, lakini kicheko hakikuja, mahali pake palikuwa na kimya kirefu kilichopumua, kimya cha kitu kilichosogea karibu na maikrofoni, ndipo ikaja ile sauti aliyoizaa na kuinyonyesha ikisema songa, nami nikae, na rekodi ilipofika pale ilipoishianga kila Jumapili haikuishia, ikasema tena, "Songa," na mara ya tatu ikasema kwa subira, kama anayejua atapewa, na harufu ya mafuta ikajaa chumba mpaka Zipporah akaihisi ulimini, na aliposhusha leso akamwona Mukhwana ameketi kwenye kigoda, ukingoni kabisa, nusu ya kigoda ikiwa tupu, na midomo ya mtoto imekuwa ya buluu.

Titus aling'oa waya ukutani. Sauti ikasema mara moja zaidi, ndipo ikanyamaza.

Mukhwana alilala akitetemeka, baridi kama mtungi. Hospitalini walimpima, hawakuona kitu. Ndipo Zipporah akatuma mtu Matungu kumwita Mama Hadijah, mwanamke aliyewasomea watu kisomo cha Kurani cha kutoa majini.

"Salaam aleikum, wenye nyumba."

"Karibu, Mama," Titus alisema, macho chini. "Lakini sisi ni watu wa kanisa."

"Na jini aliwauliza mnasali wapi?"

Alikaa kitandani kwa mtoto, akasoma, akampulizia maji usoni, akatega sikio. Kisha akamshika Zipporah mkono, na sauti yake ikalainika.

"Mwanangu, mtoto wako amelala pale nyuma, chini ya mparachichi, na hana ugomvi na mtu. Huyu mwingine amekuta nyumba inamlilia mtu kila Jumapili, akaivaa sauti hiyo. Mkimwachia sauti, atataka mahali pa kukaa. Na mahali anapopataka ni pa huyu aliye hai. Kizikeni hicho chuma chenye sauti kaburini kwa mtoto. Mama ndiye azike. Aseme kwaheri, asigeuke."

Titus aliichomoa diski nzima, akaiweka mezani kando ya ile iliyokufa. "Chukua wewe," alisema. "Mimi siwezi kuitazama." Akatoka kushika jembe.

Zipporah akabaki peke yake na zile diski mbili. Zilifanana kama zilivyokuwa zikifanana zile nyuso mbili kwenye kanga mgongoni. Alama ya chaki tu ndiyo iliyozitenga. Alisimama mpaka Titus akamwita. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akafuta chaki.

Alizika chini ya mparachichi. Alisema kwaheri kwa sauti ambayo wote waliisikia, na hakugeuka. Mama Hadijah alimkumbatia akamwambia amefanya kazi ngumu.

Jioni hiyo Mukhwana akaomba obusuma, ule ugali wa kwao, na mboga. Rangi ikarudi midomoni. Titus akapiga magoti akashukuru, na Zipporah akapiga magoti kando yake. Diski nzima, ile yenye sauti, ilikuwa ndani ya debe la unga wa wimbi, imefungwa kwa gauni la Mulongo.

Mvua zilipita, zikarudi. Alasiri moja Zipporah alikuwa akipepeta maharagwe, mtoto amelala, mabati yakaanza kupigwa, na ile harufu ikaja taratibu kutoka upande wa jikoni, ikampita, ikaingia chumbani kama mtu wa nyumbani. Akaifuata mpaka mlangoni.

Mukhwana alikuwa amelala katikati ya kitanda. Bila kufumbua macho, akasogea. Akasogea mpaka ukutani, akaacha nafasi ya mtoto mmoja, na godoro, hapo palipo tupu, likabonyea polepole.

Jembe lilikuwa nyuma ya mlango. Debe lilikuwa jikoni. Midomo ya Mukhwana ilikuwa inaanza kubadilika rangi.

"Mama," ikaita ile sauti ya kukwaruza kidogo, "baridi."

Zipporah alilia bila kutoa sauti. Akaingia, akalivuta blanketi, akawafunika wote wawili.