Akina Knut Watatu wa Nyland

Kila Jumanne na Ijumaa jikoni kwa akina Ragna hapakukalika. Siku hizo gari la barua lilifika kutoka kituo cha reli, na posta ya Nyland ilikuwa humo humo jikoni, kati ya jiko la kuni na dirisha. Mkuu wa posta alikuwa mama yake Ragna, Bi Ingeborg. Utamkuta anasukuma chapati za viazi mezani, unga mpaka viwikoni. Mlango ukigongwa tu, anafuta mikono kwenye aproni na papo hapo anakuwa serikali.

"Bi Ingeborg, nina barua leo?"

"Unazo mbili. Lakini kung'uta viatu kwanza! Hili si zizi."

Sisi watu wa Nyland, huku mbugani Saskatchewan, tulizoea posta yenye miguu. Mkuu wa posta wa kwanza, Mzee Tollef Brekke, aliweka barua zetu kwenye boksi la kahawa chini ya kitanda, ndani ya nyumba ya udongo iliyovuja kila kona. Hujigamba mpaka leo kwamba hakuna barua hata moja iliyolowa. Aliyelowa ni yeye. Kisha posta ikahamia kwa mwenye duka. Mkewe alipochoshwa na upepo wakarudi mashariki, na posta ikahamia kwa Bi Ingeborg. Kila ilipohama, yote ilienea ndani ya mkokoteni mmoja: kabati, mizani na muhuri wa tarehe. Mzee Tollef hakuweza kuachana nayo kabisa, ndiyo maana sasa aliendesha gari la barua.

Muhuri ulikuwa kazi ya Ragna. Alikuwa amefikisha miaka kumi na miwili, na mama yake alimruhusu kugonga tarehe juu ya kila stempu. Aliugonga kwa nguvu hadi vikombe vikatikisika, na hakuna kitu alichokipenda zaidi duniani.

Taabu ya posta yetu ilikuwa akina Knut. Tulikuwa na watu watatu walioitwa Knut Larsen, na hawakuwa ndugu hata kidogo. Huko Norwe tulikotoka jina hilo limejaa tele. Wenyewe tuliwatenganisha kwa lakabu. Knut Ndevu alikuwa na ndevu. Knut wa Bwawani aliishi kando ya bwawa la bata, yeye na mkewe na watoto wadogo wanne. Knut Fidla alipiga fidla kwenye ngoma zetu, kijana mcheshi, asiyetulia mahali pamoja. Lakini wenye maduka ya mjini Winnipeg, tulikoagiza vitu, walijua wapi habari za ndevu na bwawa? Waliandika "Knut Larsen, Nyland", basi.

Kwa hiyo Bi Ingeborg aliweka sheria. Kitu chochote cha Knut Larsen kisichojulikana ni cha nani kilipanda juu ya kabati. Akina Knut wote watatu wakishafika, walikitazama pamoja, wakaulizana nani ameagiza nini, na mwenyewe akakichukua mbele ya wenzake. Hakuna Knut kugusa kitu peke yake.

Jumanne moja ya Septemba, Mzee Tollef alibwaga mfuko wa barua jikoni akaenda kunywesha farasi. Ragna ndiyo kwanza afungue mfuko, mama yake akapiga ukelele.

"Ng'ombe yuko kwenye kabichi! Ragna, panga barua, lakini usimpe mtu kitu mpaka nirudi, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Bi Ingeborg alitoka mbio na mwiko mkononi. Haukupita muda Knut Fidla akaingia, kofia imekaa upande.

"Dada mkuu wa posta! Nina haraka, naenda kituoni kubeba mbao za paa la shule. Nyuzi zangu za fidla zimefika?"

Ragna alicheka. Aliyapenda maneno hayo, dada mkuu wa posta. Akatazama mezani. Kulikuwa na kifurushi kimoja kidogo: Knut Larsen, Nyland. Alikinyanyua. Kilikuwa kizito kuliko nyuzi, na aliliona hilo. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya ngoma ya mavuno, na ngoma bila fidla ina raha gani?

"Mama amesema usubiri," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikisubiri nitafika kituoni kesho kutwa! Wewe si mkubwa sasa?"

Ragna akampa. Knut Fidla alikitumbukiza chini ya kiti cha gari lake, akawapigia farasi mluzi na kwenda zake.

Jioni alikuja Knut wa Bwawani. Ilikuwa vigumu kumtambua kwa vumbi, na viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Bi Ingeborg, tafadhali niambie kimefika. Kile chuma cha kufungia kamba kwenye mashine yangu ya kuvunia. Tangu kivunjike nakata ngano kwa mundu, mimi na mke wangu, na hatujamaliza hata kona moja."

Bi Ingeborg alipekua kabati lote. Hakuna. Alijua vizuri maana yake. Mwaka uliopita mvua ya mawe iliipiga ngano ya Knut wa Bwawani yote, na mwaka huu usiku ulishaanza kuwa wa baridi. Jalidi, ule umande ulioganda, ikianguka juu ya ngano iliyosimama, punje zinaungua, na familia hiyo ingelazimika kuiacha ardhi yake. Mashine za majirani zote zilikuwa mashambani kwa wenyewe, kuanzia alfajiri.

"Ragna, ulipofungua mfuko, uliona kitu chochote cha Knut?"

Ragna aliutazama muhuri mezani. Akisema kweli, muhuri atauaga. Akasema, "Hapana, mama."

"Basi kimeanguka njiani," alisema Knut wa Bwawani, na macho yote yakamgeukia Mzee Tollef aliyekuwa anamalizia kahawa yake.

Mzee alikiweka kikombe chini. "Mimi? Sijaangusha kitu tangu posta ilipokuwa chini ya kitanda changu." Alingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. "Labda," alisema hatimaye. "Labda mfuko haukufungwa vizuri. Bi Ingeborg, kama ni mimi, tafuta dereva mwingine. Uzee huu sasa unawadhuru watu."

Usiku huo Ragna hakuonja chapati, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Asubuhi alichungulia dirishani. Mzee Tollef alikuwa njiani, amemwacha farasi nyuma, anakwenda kwa miguu ameinama, anapekua majani kwa fimbo huku na huku. Kila baada ya hatua chache alisimama akashika kiuno. Ragna aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hakuvaa hata viatu, alikimbia vile vile.

"Mzee Tollef, acha! Acha kutafuta! Hukukiangusha. Nilimpa Knut Fidla. Mama alinikataza, nami nikampa, kisha nikadanganya."

Mzee aliinuka polepole. "Sema tena."

"Nilidanganya."

"Si hapo. Hapo mwanzo."

"Hukukiangusha."

"Sikukiangusha!" Mzee Tollef alirusha kofia juu, upepo ukaichukua, ikabidi Ragna aikimbilie. "Unasikia, farasi? Sikukiangusha! Jana sikulala, mwanangu, nilijiona sifai hata kubeba mzigo wa kuni. Haya, mwongo wewe, kamwambie mama yako, uvae na viatu. Tunamfuata huyo mpiga fidla."

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi. Bi Ingeborg alisikiliza mpaka mwisho, mikono imezama kwenye unga. Hakupiga kelele. Aliuchukua muhuri mezani, akautia mfukoni mwa aproni yake na kusema, "Nenda ukakirudishe. Mengine tutazungumza." Ragna angependa zaidi apigiwe kelele.

Mzee Tollef aliendesha farasi mpaka gari likawa linaruka. Walipofika kituoni mchana, moshi wa treni ulikuwa umeshaonekana kwa mbali. Jukwaani alisimama Knut Fidla, na mkononi alikuwa na kifurushi kilichofungwa upya.

"Knut! Usikitume!" Ragna alipiga ukelele.

"Aa, dada mkuu wa posta! Hebu njoo uone mambo ya Winnipeg. Nimeagiza nyuzi, wameniletea mdomo wa bata wa chuma! Jana nilikandamizia kifuniko cha sufuria, leo nawarudishia na barua ya matusi."

"Ni cha Knut wa Bwawani," alisema Ragna, anahema. "Mashine yake imekufa. Ngano imesimama."

Uso wa Knut Fidla ukabadilika. "Masikini, kumbe mimi ndiye nimekalia mkate wa watoto wa mwenzangu! Na niliona ni kizito. Niliona, nikasema shauri yao." Akakitia kifurushi mikononi mwa Ragna. "Rudini upesi. Nami nikimaliza kupakia mbao naja kusaidia."

Jua lilikuwa linazama walipofika Bwawani. Ragna alishuka mwenyewe, akamkabidhi Knut kifurushi mkononi, akasema makosa yake yote bila kupunguza kitu. Knut wa Bwawani alikitazama kile chuma kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

"Nimekukasirikia kweli kweli," alisema. "Nitakusamehe ngano ikishalala chini. Kesho njoo usimamishe miganda ya ngano ikauke."

Alfajiri mashine iliimba. Knut Fidla alikuja, Knut Ndevu alikuja alipomaliza la kwake, na Ragna akasimamisha miganda mpaka mikono ikajaa mikwaruzo. Ijumaa jioni shamba lote lilikuwa limekatwa. Jumamosi tulipoamka, mbuga nzima ilikuwa nyeupe kwa jalidi. Knut wa Bwawani alizunguka kati ya miganda yake huku anacheka peke yake. Usiku wake tulicheza ngoma kwa fidla yenye nyuzi kuukuu, mbili zikakatika, hata hivyo tukaendelea kucheza.

Ijumaa iliyofuata posta ilijaa. Ndani ya mfuko wa barua mlikuwa na kifurushi chembamba, chepesi: Knut Larsen, Nyland. Bi Ingeborg alikuwa amegeukia jiko. Knut Fidla akasogea karibu na Ragna.

"Nipe basi. Hizo ni nyuzi, hata kipofu anajua."

"Subiri Knut wenzako," alisema Ragna, akakiweka juu ya kabati.

"Tikisa usikie!"

"Sitikisi. Kung'uta viatu."

Mzee Tollef alicheka mpaka kahawa ikampalia. Bi Ingeborg aligeuka, akatoa muhuri mfukoni mwa aproni, akauweka mbele ya Ragna.

"Sikukunyang'anya kwa sababu ulikosea," alisema. "Hata mimi nimewahi kumpa Ndevu soksi za Fidla. Nilikunyang'anya kwa sababu ulimwacha mzee huyu abebe kosa lako. Watu wanaleta mali yao kwenye jiko langu kwa kuwa wanatuamini, hawana sababu nyingine. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Tukichelewa, anaumia mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Haya, gonga. Barua zinangoja."

Ragna akagonga, na vikombe vyote kabatini vikatikisika.