Vidole Vinne vya Kukulia

Jumamosi hiyo jua linazama, Raheli alikuwa stendi ya Same akisubiri boksi. Basi la Dar lilikuwa limechelewa, upepo unammwagia vumbi machoni, na yeye wala habanduki. Ndani ya boksi hilo kulikuwa na gauni jeupe, viatu na kitabu cha nyimbo. Kesho yake asubuhi Blessing, binti yake wa miaka kumi na minne, alikuwa anapata kipaimara huko kijijini kwao Kisiwani.

Na msidhani vitu hivyo vilinunuliwa gulioni. Thubutu! Vilitoka Dar, duka la ghorofa nne, alikokuwa akiuza Careen, mdogo wake Raheli. Careen alikuwa akiwatumia video kila wiki. Ngazi zinazopanda zenyewe. Kiyoyozi kinachokutia baridi ukiwa umesimama. Ghorofa ya juu kabisa duka la vitabu, watu wamekaa chini wanasoma na hakuna anayewafukuza. Na pale mlangoni, nyuma ya kioo, sanamu ya msichana ndani ya gauni jeupe, mkono mmoja kiunoni. Blessing aliirudia video hiyo mpaka bando la mama yake likakata.

"Mama, ona lilivyomkaa," alisema. "Langu lisiwe kama gunia, tafadhali."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Maana kwao nguo ya mtoto hununuliwa kubwa, na kiatu hujazwa gazeti mbele, kwa sababu mtoto anakua. Ukituma kipimo chake mbali, unakata kamba ya urefu wake halafu unaongeza vidole vinne vya kukulia. Bibi Naetwe, mama mkwe wa Raheli, hakuwa na mchezo na jambo hilo.

"Usimtoe mtoto mzima mzima," alikuwa akisema. "Acha vya kukulia."

Raheli aliona ni ushamba tu. Alisubiri bibi aende shambani, akakata vile vidole vinne, akavitupa jikoni. Kamba iliyobaki akaifunga pamoja na karatasi aliyochorea nyayo za Blessing, na gauni la njano lenye kiraka, la kulinganishia upana, ambalo mtoto alikuwa amelivua asubuhi hiyo hiyo, halijafuliwa. Kwani alikuwa anamtumia nani? Careen! Aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, akamlisha uji kwa mkono wake. Amwogope kwa lipi?

Siku ya nne baada ya kutuma mzigo huo, Blessing akaanza kukohoa. Koh, koh, halafu kamluzi kembamba kifuani. Akapimwa malaria, hana. Kifua, kisafi. Lakini alikuwa anapoa. Mikono ya baridi, saa sita mchana, na joto lile la Kisiwani! Siku moja Raheli alimkuta amesimama dirishani, mkono mmoja kiunoni, hapepesi macho. Alimwita mara tatu ndipo akageuka.

Basi likaingia. Mbaraka, wakala wa mizigo, akamkabidhi boksi lake, na Raheli hakuweza kungoja afike nyumbani. Alilifungua pale pale juu ya benchi.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza.

Haikuwa ya nguo mpya. Ilikuwa jasho la Blessing na mafuta yake ya nazi.

Raheli akageuza viatu, akatazama soli. Vilikuwa sawasawa na nyayo alizochora, bila nafasi hata ya unywele. Akapiga simu.

"Careen, mbona viatu umechukua vya kumbana? Si unajua mtoto anakua?"

"Hatazidi hapo, dada."

Alisema hivyo taratibu, kama muuzaji anayemtoa mteja wasiwasi. Raheli akadhani hakusikia vizuri.

"Na lile gauni la njano je? Na kamba? Huku sivioni..."

Upande wa pili kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Raheli akafungua kitabu cha nyimbo huku amebana simu begani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa penseli. Aliujua mwandiko ule. Herufi B yenye mkia, ambayo mwalimu alikuwa akimkosoa Blessing kila siku.

*Mama mdogo ameniacha dukani. Kuna baridi.*

Kisha akasikia kwenye simu...

Koh. Koh.

Na kamluzi.

"Careen. Nani huyo anakohoa?"

"Dada, nisamehe."

"Nimekuuliza nani anakohoa!"

"Walishachukua kipimo cha Eliwaza wangu," Careen alinong'ona. Eliwaza ni binti yake, rika moja na Blessing. "Nilimvalisha gauni la dukani, mara moja tu, nimpige picha. Akaanza kupoa. Mama mwenye duka akasema atamwachia, nikimletea mwingine wa kimo chake. Wewe ungefanyaje?"

"Ningekuambia!" Raheli alipiga kelele, stendi nzima ikageuka. "Ningekuambia, Careen! Tungelia wote!"

Simu ikakatika. Namba ile haijapatikana tena mpaka leo.

Aliondoka na bodaboda ya Abubakari, mtu mzima anayewafahamu. Njia nzima Raheli alikuwa akisema neno moja tu, fanya haraka, fanya haraka. Milima ilikuwa imeshaingia giza upande mmoja. Hakuogopa barabara. Kilichomuuma, kikamuuma hasa, ni kwamba kisu kilichomchoma alikuwa amekitia makali mwenyewe, na aliyekishika alikuwa mtoto aliyemlea.

Akamkuta Blessing amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Gauni limekuja?"

Sauti safi, hakuna kikohozi. Uso unang'aa. Raheli akamkumbatia kwa nguvu zote, akashukuru Mungu, akalia. Halafu akaacha kulia. Mwili ule ulikuwa wa baridi, na shingoni ulinuka plastiki mpya.

Bibi Naetwe alikuwa jikoni, hataki kutoka.

"Amepona ghafla, jua linazama," alinong'ona. "Nimempakulia makande. Anayakoroga tu."

Jumapili gauni likamkaa kama limemwagwa juu yake. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akauondoa upesi, akatazama kiganja chake. Wakati wa picha kila mtu alimsifu kwa alivyosimama. Hakutikisika hata mara moja.

Raheli akaenda Dar. Akaingia maduka yote makubwa aliyoelekezwa, akapanda zile ngazi akiwa ameshikilia kwa mikono miwili, akachungulia kila dirisha na kila sanamu usoni mpaka walinzi wakamtoa. Kwenye chumba alichopanga Careen, mama mwenye nyumba, Shamsa, alimwambia amehama na binti yake.

"Binti mwenyewe yukoje?" Raheli aliuliza.

"Mzima kabisa. Anarefuka huyo!"

Raheli alikaa barazani kwa Shamsa akashindwa kunyanyuka. Ingekuwa ni mgeni aliyemfanyia hivi, angalau angepata wa kumlaani. Huyu alishindwa hata kumlaani. Kila akifungua mdomo, alikumbuka uzito wake mgongoni.

Mwaka ukapita. Viatu vile bado vilikuwa vinamtosha msichana yule, bila kuzidi, bila kupungua. Nyumbani hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Jioni moja Bibi Naetwe alimwita Raheli jikoni, akafungua pindo la kanga yake. Akatoa kipande cha kamba, kimeungua kidogo ncha moja.

"Nilikiokota majivuni siku ile uliyokitupa," alisema. "Ulikata vidole vingapi?"

"Vinne, mama. Nisamehe."

"Pima."

Raheli akalaza vidole vyake juu ya kamba. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Akatazama. Akaondoa mkono, akapima upya.

Kamba ilikuwa imebaki. Akaweka na dole gumba, na bado ilichungulia.

"Anakua," bibi alinong'ona, machozi yanamtoka. "Huko waliko naye, mtoto wetu anakua..."

Ubao wa mlango ukalia. Msichana alikuwa amesimama pale, mkono mmoja kiunoni, hapepesi macho.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake safi. "Mnapima nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," Raheli alijibu.

Akakunja ngumi. Ndani yake kamba ilikuwa na joto.