Najat na Skrini Nyeusi

Kila asubuhi Najat alifagia uwanja wa nyumbani kwao Wazo, jirani na kiwanda cha saruji, akapangusa vumbi la saruji madirishani, akamwamkia baba yake, kisha akaenda chuoni Kinondoni. Ilikuwa mwaka 1995, naye alikuwa mdogo kuliko wote darasani.

Somo lililomtisha lilikuwa kalkulasi, tawi la hisabati, kwa sababu lilifundishwa kwa kompyuta. Mashine hizo zilikuwa bado ngeni chuoni. Wanafunzi walivua viatu mlangoni, na ukutani palibandikwa tangazo: atakayeharibu kompyuta atafukuzwa. Basi muhula mzima Najat alimwachia mwenzake Gaspar kubonyeza vitufe; yeye alinakili michoro tu.

Siku hiyo Mwalimu Editha alisema, "Leo kila mtu na mashine yake. Chora mstari uliopinda, kisha tafuta mteremko wake kwenye nukta moja." Halafu akatoka kwenda ofisini.

 Najat alisoma maelekezo, akayarudia tena na tena, vidole vikielea juu ya vitufe bila kugusa hata kimoja. Akikosea namba moja je? Alimfikiria baba yake, anayebeba mifuko ya saruji ili yeye asome. Mara skrini ikawa nyeusi tii.

"Gaspar," alinong'ona. "Imezimika."

Gaspar akachungulia. "Umeiua, dada. Mie simo."

"Sijaigusa."

"Nani atakuamini? Sema umeikuta hivyo. Nurdin ndiye aliyekaa hapo kipindi kilichopita."

Nurdin, mwanafunzi mwenzao, hakuwapo kujitetea. Najat alijiona akirudi Wazo na begi lake, amefukuzwa. Halafu akamwona Nurdin akirudi kwao vivyo hivyo, bila kosa lolote. Mwalimu alipoingia, Najat alisimama.

"Mwalimu, mashine imezimika mikononi mwangu. Hakuna mwingine aliyehusika."

Mwalimu Editha aliinama, akabonyeza kitufe kimoja. Skrini ikawaka.

"Kumbe marehemu kafufuka," Gaspar akasema, na darasa likacheka.

"Ikikaa bila kuguswa, skrini hujizima yenyewe," mwalimu alieleza. "Wewe umeigusa saa ngapi?"

"Sijaigusa kabisa, mwalimu. Naogopa."

"Andika. Ukikosea, futa."

Najat alibonyeza. Ukatokea mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa amesahau kipeo, ile namba ndogo inayoandikwa juu. Akafuta, akaandika upya. Safari hii mstari ulipinda, na mteremko ukaonekana kwenye nukta.

"Tangazo lile ni la wanaoharibu makusudi," alisema Mwalimu Editha. "Anayejifunza lazima akosee na ajisahihishe, kunakili hakukufundishi kitu. Leo umesema kweli huku unaogopa. Ukiweza hilo, kalkulasi utaiweza." Kisha akamgeukia Gaspar. "Na wewe, sauti yako ilifika hadi barazani. Nurdin akija, utamweleza mwenyewe ulichotaka asingiziwe, na utamwomba radhi mbele yetu sote."