Povu Lililokimbilia Mashariki

Saa kumi na mbili jioni Mama Pacha aliacha sufuria jikoni, akawakanya watoto wasifungue mlango hadi arudi, akashuka ngazi arobaini za kituo cha kupimia mitetemeko ya ardhi kwenda kusoma pimamaji.

Si pimamaji ya fundi mwashi. Hii ilikuwa ndefu kama kitanda, imefungwa kwenye mwamba chini ya kilima, na povu lake la hewa ndani ya kioo huenda upande ambao ardhi inainuka. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kulisoma na kuandika. Kabla yake, kazi hiyo ilikuwa ya wifi yake.

Wifi aliona povu likisogea siku tisa mfululizo. Mkuu wa kituo akamwambia chombo kimechoka, alirudishe povu katikati kwa skrubu kila jioni, daftari lisomeke sifuri. Wifi akatii. Siku ya kumi ardhi ikatikisika, paa likamwangukia kitandani. Mkuu akawaambia wachunguzi kwamba marehemu alikuwa mvivu, hasomi kitu.

Wifi alikuwa na utani wa kuudhi, lakini uvivu hakuujua.

Kwenye ngazi ya thelathini, harufu ikampiga.

Dawa ya kuchulia magoti...

Wifi alijipaka hiyo kila alipotaka kushuka.

Aliwasha taa. Daftari lilikuwa wazi. Mstari wa leo ulishajazwa kwa penseli, tarakimu za saba zimekatwa kistari katikati, kama alivyoziandika mtu mmoja tu.

Akatazama povu. Lilikuwa limekimbilia mashariki hadi mwisho wa kioo. Upande huo kulikuwa na nyumba moja mpya. Mkuu aliishi humo peke yake.

Akanyanyua simu ya ukutani amwonye mkuu. Chini ya sakafu kitu kikakwaruza... krrr... krrr...

"Unampigia ya nini, wifi?" Mnong'ono ulikuwa nyuma ya sikio lake. "Si alisema chombo kimechoka?"

Hakugeuka. Alimkumbuka mkuu makaburini, viatu vinang'aa, akirudia neno lile la uvivu mbele ya mama mkwe.

Akarudisha simu mahali pake. Akaishika skrubu, akaizungusha taratibu hadi povu likatulia katikati.

Akaandika: sifuri.

Mwamba ukatetemeka mara moja. Huko juu, mashariki, kitu kizito kikaporomoka. Vumbi likadondoka kwenye daftari.

Kimya.

"Ahsante, wifi." Sauti ilikuwa inacheka sasa. "Basi na wewe umeandika sifuri, kama mimi."

Povu likacheza. Likaanza kusogea tena, polepole...

Magharibi.

Mama Pacha alitupa penseli, akazikimbilia ngazi. Harufu ya dawa ikampita, ikatangulia juu. Magharibi kulikuwa na sufuria jikoni, na mlango ambao watoto wangeufungua wakisikia sauti ya shangazi yao.