Jumatano ya Bi Dhahabu

Ukitaka kupoteza kiatu, mtoto au subira, nenda Magongo, Mombasa, Jumamosi saa tano asubuhi. Jalila siku hiyo alikwisha kupoteza subira. Buibui lake lilikuwa limeshika vumbi, mtandio wa rangi ya machungwa ukimteleza kila alipopishana na mkokoteni, na mafundi wanne wa makochi walikuwa wamemcheka. Wa tano alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lisilo na kitambaa, misumari mdomoni, vipande vya sponji vimemjaa kwenye ndevu.

"Asalaam aleikum, fundi."

Kijana akatoa misumari kwanza. "Waaleikum salaam, dadangu. Wataka kochi la watu watatu au watano?"

"Nataka mito ishirini. Midogo. Ya kukalia watoto wa gredi ya pili."

Fundi akamtazama kuanzia mtandio hadi viatu. "Wenzangu wangapi wamekucheka?"

"Wanne."

"Basi mimi sicheki, nisije nikawa sawa na wao."

Akacheka papo hapo, na Jalila aliyekuwa amenuna tangu asubuhi akajikuta anacheka naye. Akamweleza. Alikuwa mwalimu wa Shule ya Msingi Kwa Mwidani, kule Jomvu Kuu. Walikuwa wamepata ruzuku ndogo, ya kiasi ambacho shule kubwa ingepaka rangi geti ikaisha. Yeye alikwisha kuipigia hesabu: katoni mbili za vitabu vya hadithi, mikeka, na mito akipata fundi mwenye imani. Kila Jumatano wanawake wa mtaani wangekuja kuketi chini na watoto na kuwasomea kwa nusu saa. Wenye ruzuku walimtajia sharti moja tu. Wanawake wasipungue kumi. Wakipungua, vitabu vinahamishiwa shule nyingine.

"Kumi tu?" fundi akasema. "Jomvu Kuu ni kwetu. Mamangu akikohoa, wanawake ishirini wauliza amekunywa dawa gani."

"Mamako ni nani?"

"Bi Dhahabu."

Jalila alilijua jina hilo. Nusu ya watoto wa shule yake walisomeshwa Kurani na Bi Dhahabu barazani kwake, na kofia alizozishona kwa mkono zilivaliwa na maharusi mpaka Likoni.

"Mimi naitwa Mahir. Nipe nambari yako."

"Ya nini?"

"Ya mito. Mito ikimalizika, tutatafuta sababu nyingine."

Mito ilimalizika siku ya nne. Simu hazikumalizika. Vitabu vilichelewa miezi miwili, na miezi hiyo miwili Mahir hakukosa jioni hata moja kumpigia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mahir, wewe ni fundi au daktari?"

"Fundi. Daktari angetaka kuona ulimi, mimi sauti yanitosha."

Jalila alikuwa akijifungia chumbani kwao Mishomoroni ili mamake asimwone anavyotabasamu peke yake. Alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anaogopa, maana alikuwa hajawahi kupata kitu kizuri hivyo bila kukipangia foleni. Mahir alikwisha kusema wazi: likizo ikifika, wazee wangeleta posa. Lakini kwanza mamake aridhike.

"Mama nitamwambia mwenyewe, mpenzi. Polepole. Hata ujumbe wa simu yake, msomaji ni mimi."

Jalila akacheka. Alimkumbuka mamake mwenyewe na miwani yake inayopotea kila siku, akadhani ni mambo ya macho, wala hakuuliza zaidi. Kosa liliingia hapo, na liliingia bila kupiga hodi.

Vitabu vilipofika, alipata wazo aliloliona zuri mno. Siku ya kufungua programu, ukurasa wa kwanza usomwe na Bi Dhahabu. Alitaka mama huyo aheshimiwe mbele ya mtaa mzima, na tusimfichie, alitaka pia ajulikane nani aliyemheshimu. Kwa Mahir alisema tu kwamba mamake atakuwa mgeni wa heshima.

Jumatano ya kwanza wakaja wanawake kumi na wanne. Bi Dhahabu aliingia wa mwisho, buibui limepigwa pasi, leso mpya begani, harufu ya udi ikamtangulia darasani. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, nyanya!" Jalila akampa kitabu kwa mikono miwili.

"Tafadhali, mama. Utufungulie."

Bi Dhahabu akakipokea. Akakiangalia. Kisha akakifungua kwa nyuma, upande wa jalada la mwisho, kama mtu anavyofungua msahafu. Akapindua karatasi moja, ya pili, akiianza hadithi kwa mwisho wake.

"Nyanya, kitabu umekigeuza!" mtoto mmoja akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko.

Bi Dhahabu hakumkemea mtu. Alikifunga kitabu, akakiweka juu ya mto taratibu, akasimama, akajitanda leso yake vizuri na kutoka. Jalila alibaki amesimama, asijue akimbie nyuma yake au aendelee na watoto.

Simu ya Mahir ilikuja jioni, na safari hii hakuuliza amekula nini.

"Jalila, umemfanyia nini mamangu?"

"Mahir, wallahi sikujua."

"Nilikwambia! Nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba simu yake nasoma mimi."

"Nilidhani ni macho."

"Macho! Amenifungia mlango, hataki hata kusema nami. Mwanamke huyu amesomesha watoto miaka thelathini, leo watoto wamemcheka. Na mimi ndiye niliyempeleka."

"Niruhusu nije nimwombe radhi."

"Usije. Mama asiporidhika, Jalila, hakuna la likizo wala la posa. Sitamletea mamangu aibu nyumbani." Simu ikakatika.

Akapiga tena, haikushikwa. Akaandika ujumbe, akaona umesomwa, jibu hakuna. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Alikuwa anafundisha kujumlisha huku simu i mfukoni, na ikitetemeka kidogo tu, chaki inamwanguka. Mara zote ilikuwa ni kampuni ya simu inamtangazia bando.

Jumatano iliyofuata wakaja wanawake watatu. Mmoja akamvuta kando, akamwambia bila kumzungusha, "Mwalimu, sisi twakupenda. Lakini Bi Dhahabu aliinuka hapa. Tutakaaje?"

Kesho yake Bwana Gona, afisa wa ile ruzuku, akampigia. Angefika Jumatano inayokuja kuhesabu. Madamu Josephine, mwalimu mkuu, alipoambiwa alikuna kichwa kwa kalamu, akasema, "Tafuta wanawake wengine, Jalila."

"Wapi, madamu? Wote ni wa Bi Dhahabu."

Ijumaa baada ya alasiri akapiga moyo konde, akaenda kwa Bi Dhahabu ingawa Mahir alimkataza. Mahir alikuwa kazini Magongo, na Jalila hakujua kama hilo ni afadhali au ni balaa.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Keti."

Akaletewa kahawa na kaimati. Bi Dhahabu alimpa kila kitu isipokuwa macho yake.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Kuna nini?" Jalila akainamia kikombe chake, maana kulitaja jambo lenyewe ilikuwa ni kumcheka mara ya pili.

Akaja mteja wa kofia. Bi Dhahabu akampima kichwa kwa uzi, akavuta daftari na kuandika. Jalila alikuwa ameinamisha uso kwenye kikombe, lakini jicho likamponyoka. Zilikuwa herufi za Kiarabu, na kwa mazoea ya chuo cha Kurani akaanza kuzitamka moyoni. Hazikuwa aya. Kilikuwa Kiswahili. *Najib, kofia mbili nyeupe, kichwa kikubwa.* Kurasa na kurasa za Kiswahili, mwandiko umenyooka kuliko wake.

Jalila alijifunza herufi hizo akiwa na miaka sita, na maishani mwake hakuwahi kuzitumia ila kusomea Kurani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mwanamke huyu alikuwa akisoma na kuandika Kiswahili kabla yeye hajazaliwa, na yeye mwalimu mwenye cheti amemweka mbele ya watoto kama mjinga.

Jumamosi na Jumapili hakutoka nyumbani. Alichukua kile kitabu, hadithi ya paka aliyeingia chunguni, akainakili yote kwa herufi za Kiarabu, upande wa kulia kwenda wa kushoto, na picha akazichora upya mwenyewe. Paka wake alifanana na sungura. Herufi za p na ch, ambazo Kiarabu hakina, zilimsumbua, akafuta mpaka karatasi ikatoboka, mamake akichungulia mlangoni na kuuliza kama mwanawe anafanya mtihani.

"Ndiyo, mama," akajibu. "Na sijui kama nitapita."

Jumatatu jioni akaupeleka mtihani wake. Bi Dhahabu akafungua ukurasa wa kwanza, safari hii upande ulio sawa, akasoma kimya. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akatwaa kalamu nyekundu.

"Hapa nukta tatu. Umetia moja."

"Ndiyo, mama."

"Na hapa. Na hapa tena. Chuoni alikusomesha nani?"

"Marehemu bibi yangu."

"Alikuwa mpole mno." Akaendelea kusahihisha mpaka mwisho, na Jalila akaketi mikono mapajani, akitoka jasho. "Na huyu ni mnyama gani?"

"Ni paka, mama."

Bi Dhahabu alikaza midomo ili asicheke. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Mahir hakukwambia kuwa sisomi herufi zenu?"

"Aliniambia ujumbe wa simu yako msomaji ni yeye. Nilidhani ni macho."

"Macho yangu hutunga uzi bila miwani." Akaifunika kalamu. "Kiwate hapa hicho kitabu. Nenda, magharibi imekaribia."

Hakusema amesamehe, hakusema atakuja. Jalila alirudi Mishomoroni akiyapima maneno hayo ya kukiacha kitabu, *kiwate hapa*, mara anayaona mazuri, mara anaona kitabu kitawashiwa jiko.

Jumatano Bwana Gona alifika kabla ya saa yake, mtu mpole wa shati la mikono mifupi, fomu kwenye kibao mkononi. Ndani kulikuwa na wanawake wanne.

"Mwalimu, mimi sipendi kuhamisha vitabu," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini fomu haijui ninachopenda."

"Nipe dakika kumi."

Akampa. Zikaenda tano, zikaenda nane. Jalila alisimama dirishani akiangalia njia ya miguu itokayo mtaani. Tayari alikuwa anafikiria atawaambiaje watoto, na usiku atamwambia nani, maana yule wa kumwambia alikuwa hashiki simu.

Kisha akaiona leso. Bi Dhahabu alikuwa anakuja kwa mwendo wake wa taratibu, wanawake watano nyuma yake, na nyuma kabisa, suruali ina sponji magotini, Mahir. Jalila akaondoka dirishani, akauweka mto katikati ya mikeka.

Bi Dhahabu aliketi juu ya mto katikati ya watoto, akatoa ndani ya buibui kile kitabu cha mwandiko wa Jalila. Watoto walimkodolea macho.

"Nyanya, mbona wewe waanzia mwisho?" akauliza yuleyule wa siku ile.

"Wangu mwanzo u huku. Kuna herufi za namna mbili, bwana mdogo, nami leo nitakuonesha zangu. Wewe wafungua chako, mimi nasoma. Nikikosea nambie."

Akasoma. Alikuwa na sauti iliyozoea kusikilizwa. Paka alipoingia chunguni watoto walishika mashavu, alipotoka na uji masharubuni walijitupa kwenye mikeka kwa kicheko, na safari hii Bi Dhahabu alicheka nao. Hakuna aliyemwambia kakosea.

Bwana Gona akaanza kuandika majina. Mama wa fulani. Shangazi wa fulani. Mlezi wa fulani. Akafika tisa.

"Na wewe, mama?"

"Dhahabu binti Idarus."

"Uhusiano wako na shule? Una mtoto hapa? Mjukuu?"

"Sina."

Kalamu ikasimama hewani. "Pole, mama. Fomu yasema anayehesabiwa lazima awe mzazi, mlezi au jamaa wa mtu wa shule hii. Bila hivyo ninao tisa."

Madamu Josephine, aliyekuwa nyuma ya darasa, akafumba macho. Bi Dhahabu alikunja tu miguu yake chini ya leso, akajiweka sawa kwenye mto, kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote.

"Andika mavyaa wa mwalimu."

"Naam?"

"Mamamkwe, kwa lugha ya fomu yako. Yule pale mlangoni ni mwanangu. Posa ya kwenda Mishomoroni ilisimama kwa kununa kwangu. Haingoji likizo tena, yaenda Ijumaa, inshallah."

Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakaviiga bila kujua ni vya nini. Bwana Gona alimgeukia Jalila, uso wake unacheka lakini kalamu bado juu.

"Mwalimu, niandike?"

Jalila alimtazama Mahir. Alikuwa amekonda. Furaha ilikuwapo, na hasira nayo ilikuwapo, wiki mbili nzima za hasira.

"Mwulize mwanawe kwanza kwa nini hashiki simu."

Mahir akavua viatu, akaingia mbele ya wanawake kumi na gredi ya pili nzima.

"Nilikuwa nimekosa," akasema. "Nilijua nimekosa tangu siku ya pili, nikaona haya kukupigia. Nisamehe, Jalila. Hata mama amenigombeza kuliko alivyokugombeza wewe."

"Mimi hakunigombeza. Alinisahihisha."

"Kwa kalamu nyekundu," akasema Bi Dhahabu.

Jalila akacheka huku machozi yakimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Bwana Gona.

"Andika," akamwambia. "Andika kumi."