Mguno Uliomfuata Karegyesa

Mguno ule ulitoka migombani, mchana kweupe, Karegyesa akiwa mlangoni anasugua matope ya mabuti yake. Ulikuwa mguno wa kooni, mzito, wa mara mbili, ule ambao waongoza wageni wa msitu wa Bwindi huutoa wanapowakaribia gorila, kuwajulisha kwamba wanaokuja ni watu wa amani. Mazoea ni kitu kibaya. Aliujibu bila hata kuinua macho. Mkewe Kyarisiima, aliyekuwa akimenya viazi, akamuuliza anamsalimia nani. Karegyesa akatazama. Hapakuwa na jani hata moja lililotikisika.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka. Ilikuwa harufu kali ya jasho la gorila iliyochanganyika na majani mabichi, na Kyarisiima alifua mablanketi na kuyaanika mpaka akachoka. Kisha binti yao Atukunda, ambaye bado alikuwa ananyonya, akaanza kukohoa. Dawa ya zahanati haikumsaidia. Asubuhi moja mama yake akakuta majani ya mgomba yamekunjwa duara kando ya kichwa cha mtoto, kama gorila wanavyokunja vitanda vyao, na alipoyagusa yalikuwa na joto.

Karegyesa hakuuliza yametoka wapi. Alikuwa anajua, na kwa aibu akashindwa kumtazama mkewe.

Kila asubuhi, kabla ya safari, ni yeye aliyewaambia wageni kwamba mwenye mafua hapandi mlimani, kwa maana mafua ya mtu humuua gorila. Lakini kuna siku alipanda nayo mwenyewe. Wageni wa siku ile walikuwa wamemwomba yeye kwa jina, na sifa hizo zilimlevya. Huko juu, kila kikohozi kilipompanda alikimeza ndani ya ule mguno wa salamu. Wageni wakastaajabu jinsi anavyozungumza na wanyama. Kashundwe, gorila mdogo kuliko wote, akashuka mgongoni kwa mama yake, akaja kuvuta kamba ya buti lake. Haukupita muda Kashundwe akawa anakohoa, halafu akafa, na mama yake akazunguka na maiti mgongoni mpaka ikaoza.

Wakubwa walipouliza nani alipanda akiwa mgonjwa, macho yalimwangukia Ndyabawe, mchukuzi wa mizigo, mpenda ugoro. Karegyesa akasema kwamba ni kweli, alimsikia akipiga chafya. Wala hakusema uongo, chafya za ugoro alizisikia kweli, na hilo ndilo lililomtia kinyaa baadaye. Ndyabawe akafukuzwa kazi, na watoto wa kijiji wakampa jina la Muuaji.

Atukunda alipoanza kukataa ziwa, Karegyesa alimwendea Nyamishana, mganga wa Watwa, wenyeji wa kale wa msitu, ambaye wazazi wake walizaliwa ndani ya msitu ule. Alimweleza yote huku ameinamisha kichwa. Mama yule alimnusa bega, akasogea nyuma kidogo.

"Kashundwe anatafuta mgongo," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yake ameshamtua. Ulimsalimia kwa hila, yeye akaitikia kwa moyo. Nenda mbele za watu ukamtaje mwenye kikohozi. Utakayemtaja, huyo ndiye atamfuata na kukaa nyumbani kwake."

"Na nikijitaja mimi?"

"Utambeba mwenyewe, sebo, bwana wangu. Mtu mzima anaweza kumbeba. Kichanga chako hakiwezi. Kwani ulitaka abebwe na nani?"

Kesho yake Karegyesa alisimama mbele ya wenzake pale wanapokusanyika, ukungu umeshuka mpaka magotini, na alipofungua kinywa harufu ile ikamjia nyuma ya shingo, ikifuatwa na pumzi ndogo yenye unyevu, pumzi ya kitu kinachosubiri kusikia jina, naye akaikumbuka kazi yake, na heshima yake, na mama mkwe wake anavyojivuna kanisani, na ulimi wake ukateleza kwenda ulikokwishazoea.

"Kikohozi kile," alisema, "kilikuwa cha Ndyabawe."

Wenzake walicheka, wakamuuliza kama amelewa asubuhi yote hiyo. Hilo nani asiyelijua? Aliporudi nyumbani hapakuwa na harufu. Atukunda ananyonya, Kyarisiima anaimba. Karegyesa akaenda nyuma ya jiko, akasukutua kinywa mara tatu.

Siku chache baadaye, akishuka mlimani, akakutana na engozi, ile machela ya kusuka ambayo kwao hubebewa wagonjwa. Mwanamume anayekutana na engozi njiani hapiti, huingiza bega. Akaingiza. Wabebaji walikuwa wanahema na kunong'ona kwamba hawajaona jambo kama hili, mtoto wa kike mdogo vile kuwa na uzito wa fahali. Chini ya blanketi kikohozi kilikatika, kikaanza tena. Aliyetembea kando, kamshika binti yake mkono, alikuwa Ndyabawe.

"Asante, ndugu yangu," Ndyabawe alimwambia. "Wengine wakiona ni mimi wanageuza njia. Wewe una utu."

Karegyesa alihisi afadhali angetukanwa. Akaenda hatua kadhaa mti wa machela ukimkata bega, akimfikiria Atukunda, akijua anachokiita, akiogopa kwa hofu ambayo hajawahi kuwa nayo hata mbele ya dume lililokasirika, na bado akasimama, wote wakalazimika kusimama.

"Kilikuwa changu, Ndyabawe. Kikohozi kilikuwa changu. Nilikificha, nikakutwika wewe."

Machela ikawa nyepesi ghafla, wabebaji wakayumba. Mtoto akafumbua macho, akaomba maji. Ndyabawe akamnywesha, kisha akaja akamwondoa Karegyesa kwenye mti ule, taratibu, bila kumtazama, akaingiza bega lake mwenyewe. Wakaenda zao.

Karegyesa alibaki peke yake njiani. Mikono miwili midogo, ya baridi, yenye manyoya, ikamzunguka shingoni kutoka nyuma na kujishikiza. Akainama kidogo ili mtoto akae vizuri, akaanza kutembea.