Waya wa Breki ya Trela

SAA TANO ASUBUHI. Chumba cha nyuma cha gereji.

"Trela ya uzito huu, sheria inaitaka iwe na breki zake yenyewe," alisema Fundi. "Na huu waya unaofungwa kwenye gari. Trela ikichomoka, waya unavuta breki. Inasimama papo hapo."

Mjomba, kiongozi wao, ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote, alicheka mpaka akakohoa. "Tunakwenda kuiba shaba, wewe unatusomea sheria!"

"Trafiki akikosa kuuona, anatusimamisha. Unataka ufungwe kwa ajili ya waya?"

"Kaka humuwezi kwa maneno," alisema Kitinda, mdogo wake Fundi. "Mimi nitalala kwenye trela, chini ya turubai. Nilinde mzigo."

Fundi alimtazama. Alimlea tangu mama yao alipofumba macho. Kazi hii hakuitaka. Aliingia ili amrudishe kijana nyumbani akiwa mzima. Akaufunga waya kwa mikono yake mwenyewe. Akauvuta. Haukutikisika.

SAA SABA MCHANA. Ghala.

Mlinzi alifungwa kamba. Mabamba ya shaba yakapakiwa. Kitinda akainama kidogo mbele ya trela, kisha akavua koti.

"Joto, kaka. Nishikie."

Akapotea chini ya turubai.

SAA SABA NA NUSU. Mlimani.

Ving'ora vya polisi. Dereva wao alikanyaga mafuta, pikapu iliyovuta trela ikagoma kupanda. Nyuma, kwenye bodi, kando ya Fundi, Mjomba alishika nyundo.

"Tunaiachia trela!"

"Mdogo wangu yumo!"

"Si umesema ina waya? Itasimama. Atafungwa, hatakufa."

Akapiga komeo lililoshika trela.

Trela ikachomoka. Fundi alisubiri mlio wa magurudumu yakikamatwa na breki. Haukuja. Trela ilirudi nyuma taratibu, halafu kwa kasi, ikaacha barabara, ikapinduka.

Ndani ya koti la Kitinda, mkono wa Fundi ulikuwa umegusa kitu kigumu. Waya. Umekunjwa vizuri, kama alivyomfundisha.

Mbele, kwenye tuta la kupunguza mwendo, pikapu ya kijani yenye ndoano tupu nyuma iling'oka kwa kasi ikatoweka.

"Wenzake hao," alisema Mjomba polepole, akiutazama waya. "Walipanga aichomoe trela pale tutakapopunguza mwendo, wao waivute. Waya ungekamata breki, ndiyo maana akauondoa. Ametugeuka, mdogo wako."

Fundi aligonga paa la gari ili dereva asimame.

"Ukishuka, hunijui," alisema Mjomba.

"Sikujui."

Alikimbia akiteremka mlima, koti mkononi.

Polisi walimkuta ameketi kwenye majani, kichwa cha Kitinda mapajani, amemfunika koti lake. Hakukuwa na wa kupelekwa hospitali.

Afisa aliikagua trela. "Haina waya wa usalama. Nani aliifunga?"

"Mimi."

"Waya uko wapi?"

Fundi aliukunjia waya ngumi ndani ya mfuko wake. Maisha yake yote gereji, hakuwahi kuacha hata nati moja ikiwa imelegea.

"Niliusahau," alisema.